Dakika Ishirini

Ntahondi alizima mashine kabla sijauliza.
Mkondo ukatusukuma nyuma kidogo, kama anayetufukuza,
kisha kasia likatupachika kwenye mdomo wa korongo,
pale maji membamba kama uzi wa kushonea gunia
yanapoingia Malagarasi bila hodi.

"Dakika ishirini," alisema.
Kwenda na kurudi?
"Kwenda. Kurudi kila mtu na miguu yake."

Tulikuwa tumetoka Ilagala alfajiri, tukiupanda mto,
yeye na magunia manne ya dagaa na dumu la mawese,
mimi na fimbo ya kupimia kina
na daftari la serikali, jalada la kijani.
Kazi yangu ni namba. Mto ukijaa, naandika.
Ukipungua, naandika.
Ukitulia, naandika kwamba umetulia.

Korongo halikutaka viatu.
Nikavivua, nikavining'iniza shingoni kwa kamba zake,
vikanipiga kifuani kila hatua
kama watoto wawili wanaotaka kushuka.
Kuta zikasogeleana. Mizizi ya mikuyu
ilishika mwamba kwa vidole vyote.
Mara maji ya magoti, mara ya kiuno,
mara hakuna maji, ni kokoto na kinyesi kikavu cha nyani,
na juu kabisa kipande cha mbingu
chembamba kuliko kanga iliyokunjwa.

Ntahondi hakugeuka hata mara moja.
Mtu wa miaka sitini na ushei,
anakanyaga mawe kwa mpangilio,
hili, lile, hili,
kama anayepanda ngazi za nyumba yake usiku.

Niliyasikia kabla sijayaona.
Kwanza nikadhani ni lori. Lori gani, huku?
Kisha kona, kisha baridi usoni,
kisha yenyewe: hayakuwa makubwa.
Nimeona makubwa zaidi. Lakini yaliangukia ndani ya chungu cha mawe
na sauti yao haikuwa na pa kutokea,
ikazunguka, ikajirudia, ikajaa.

Akanionyesha kwa mkono: pita nyuma.
Nyuma ya maji kuna chumba cha kusimama mtu mmoja.
Nikapita, nikalowa mpaka mfukoni.
Nikamwona kupitia maji akiwa vipande vipande,
mara bega, mara shati jekundu, mara hayupo.
Akaweka viganja nyuma ya masikio.
Sema, akaashiria. Sema kitu.

Nani hujiandaa kwa jambo kama hilo?
Nikapaza sauti nikasema kilichokuwa mdomoni:
mita moja, sentimita arobaini na mbili,
kipimo cha saa moja asubuhi.

Nilipotoka, meno yakigongana,
alikuwa amekaa, anamenya muhogo wa kuchoma.
"Nyanzobe alisimama hapo hapo," alisema.
"Mwaka ule tulioana. Alisema kitu. Kirefu.
Nikamwambia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo.
Niliona haya kumuuliza. Baadaye tukapata watoto,
tukapata shamba la michikichi, tukapata deni,
nikawa nasema nitamuuliza kesho.
Sasa ni mvua ya nne tangu tumzike."

Muhogo ulikuwa na jivu. Tukaula hivyo hivyo.

"Kila abiria ninamleta. Mwalimu, yule bwana nyuki,
padre mmoja alilia, sijui kwa nini.
Natega sikio. Siambulii neno.
Wewe umesema nini?"

Daftari lilikuwa limelowa kona.
Wino wa namba zangu ulianza kutembea.
Ningemwambia ukweli, lakini ukweli wangu
ulikuwa mita na sentimita.
"Nimesema kuna baridi," nikamjibu.

Akatafuna polepole, akiyatazama maji.
"Huenda naye alisema hivyo," akasema,
akainuka, akapangusa magoti.
"Ingawa yeye alichukua muda mrefu."

Kurudi hatukuzungumza.
Jioni, kwenye safu ya maelezo,
ambapo siku zote naandika *hakuna*,
niliacha wazi.